Kutu Huingia Kazi Inapolala: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Kasoro za Kutu Kiwandani

Mtambo ukizimwa jioni, kutu haizimwi. Kipande kilichokerezwa kikaachwa juu ya benchi na alama za vidole, bamba lililosuuzwa likasubiri zamu ya kesho, bomba lililopimwa kwa maji likazibwa ncha zote mbili kabla ya kukaushwa: huko ndiko kasoro nyingi za kutu zinakozaliwa. Zikija kuonekana, rangi imeshavimba au mteja amesharudisha mzigo, na lawama zote zimebebeshwa rangi au hali ya hewa. Mwongozo huu unafuatana na chuma tangu kinapoteremshwa kwenye lori hadi kinapofungwa kuondoka. Katika kila kituo tutatazama kinasubiri muda gani, na kinasubiri kikiwa na nini mwilini.

Kwanza tukumbushane jinsi kutu inavyofanya kazi, kwa sababu kila hatua hapa chini inatokana na hilo. Kutu ni umeme mdogo. Sehemu moja ya chuma huyeyuka na kuachia elektroni (hiyo ndiyo anodi), elektroni husafiri ndani ya chuma hadi sehemu nyingine ambako oksijeni huzipokea (kathodi), na utando wa maji juu ya uso hukamilisha njia. Utando huo hauhitaji kuonekana kwa macho. Chuma cha kawaida huanza kuwa hatarini unyevu wa hewa unapofika karibu asilimia 60, na ukivuka 80 kasi hupanda sana. Pakiwa na chumvi au vumbi juu yake, hatari huanza mapema zaidi, kwa kuwa chumvi hunyonya maji hewani hata pale uso unapoonekana mkavu.

Hatua ya 1: Isome kutu kabla ya kuifuta

Fundi akiona kutu, mkono hukimbilia msasa. Uzuie mkono huo kwa dakika kumi. Piga picha ukiwa umeweka rula pembeni, andika kipande kilikuwa wapi na upande upi ulitazama juu, kisha angalia umbo la kutu yenyewe. Umbo husema mengi.

Kutu yenye mistari ya vidole haina siri: mtu alishika kwa mikono mitupu, na jasho lina kloridi. Vidoti vya kahawia vilivyotawanyika kama upele mara nyingi ni vumbi la grainda lililoruka kutoka benchi la jirani likatua na kupata unyevu. Mchirizi unaoanzia kwenye kiungo kilichochomelewa ni maji au tindikali iliyonaswa ndani ikatoka polepole. Mistari sambamba pale vibao vilipolala inakuelekeza kwenye mbao, kwa sababu mbao mbichi, hasa za mwaloni, hutoa mvuke wa asidi ya asetiki.

Kwenye robota la mabamba, fungua uone kutu imekaa wapi. Ikiwa kingo ndizo zilizoharibika na katikati ni safi, maji yaliingia kutoka nje: mvua, sakafu, au turubai lililotoboka. Ikiwa kingo ni safi na katikati kumeharibika, mabamba yalipangwa yakiwa na unyevu, au yalitoka jasho ndani ya robota baadaye. Matibabu ya hali hizi mbili hayafanani hata kidogo, na nimeona watu wakinunua mafuta ya kinga ya bei kubwa wakati tatizo lilikuwa paa.

Rangi ikivimba malengelenge, toboa moja kwa sindano. Likitoa maji, shuku chumvi iliyobaki chini ya rangi: huvuta maji kupitia utando wa rangi hadi yakausukuma juu. Vinyuzi vinavyotambaa kama nyayo za mnyoo chini ya rangi nyembamba ni kutu ya uzi, na kwa kawaida huanzia kwenye ukingo au mkwaruzo.

Kisha chukua kadi ya kazi ya kipande hicho na uandike saa kilipotoka kila hatua na saa kilipoingia inayofuata. Pengo refu kuliko yote ndilo la kuchunguzwa kwanza.

Hatua ya 2: Mapokezi na ghala

Chuma kilichosafiri kwenye baridi na kuingizwa kwenye jengo lenye joto hutoka jasho kama chupa ya maji baridi. Usifungue vifurushi siku hiyo. Viache vimefungwa mpaka chuma kilingane joto na chumba, hata ikichukua usiku mzima kwa mizigo mizito. Viinue kutoka sakafuni, acha hewa ipite, na usipange chini ya mlango unaofunguliwa kila mara.

Mabati na vitu vingine vilivyopakwa zinki vina ugonjwa wao, kutu nyeupe. Zinki mpya hujilinda kwa kutengeneza utando mgumu wa kaboneti, lakini kazi hiyo inahitaji hewa yenye kaboni dioksidi. Mabamba yakibanana na maji yakabaki katikati, hewa haifiki, na badala yake hutokea unga mweupe mwepesi unaokula zinki haraka. Panga kwa kuinamisha ili maji yatiririke, tenganisha kwa vibao vikavu, na kifurushi kikilowa kifumue siku hiyohiyo ukauke kila bamba. Alumini iliyorundikwa ikiwa na maji nayo hupata madoa ya namna hii, na hayafutiki kwa kitambaa.

Pia kuna magamba meusi yanayokuja na chuma kilichoviringishwa kikiwa moto. Wengine huyaacha wakidhani ni kinga. Yakiwa mazima hulinda kidogo. Yakipasuka, yenyewe hugeuka kathodi na chuma kilicho kwenye ufa hugeuka anodi ndogo, na hapo vishimo huchimbwa kwa kasi. Yaondoe yote kabla ya kupaka rangi.

Hatua ya 3: Maji ya kupoza kwenye kerezo na mashine za kukata

Mchanganyiko wa mafuta na maji unaopoza kisu ni kinga ukiwa na afya, na ni sumu ya chuma ukichoka. Pima mambo mawili kila asubuhi na uyaandike ukutani karibu na mashine. La kwanza ni nguvu ya mchanganyiko, kwa refraktomita, kifaa kinachosoma jinsi tone la mchanganyiko linavyopinda mwanga. Dawa nyingi hutaka kati ya asilimia 5 na 10, na usisahau kuzidisha usomaji kwa namba ya urekebishaji iliyo kwenye karatasi ya mtengenezaji. La pili ni pH, kipimo cha uasidi na ualikali. Iweke karibu 9. Ikishuka chini ya 8.5, mara nyingi bakteria wameanza kula mafuta na kutoa asidi, na harufu ya kuoza Jumatatu asubuhi huthibitisha hilo. Ukiipandisha kupita kiasi, alumini na shaba nyeupe zitapata madoa, na ngozi za mafundi zitaumia.

Kosa la kila siku ni kujazia maji matupu. Maji huvukiza na kuacha chumvi yake tangini, kisha unaongeza maji mengine yenye chumvi yake, na baada ya wiki kadhaa tangi lina kloridi nyingi kuliko bomba lililolijaza. Jazia kwa mchanganyiko mwepesi, na ukiweza tumia maji yaliyoondolewa madini. Mafuta ya mashine yanayoelea juu yakombe, kwa sababu huziba hewa na kuwatunza bakteria wasiopenda oksijeni.

Kuna kipimo rahisi ninachokipenda kuliko vyote kwenye hatua hii. Tandaza chenga safi za chuma cha kusubu juu ya karatasi ya kuchujia ndani ya kisahani, loweka kwa maji ya kupoza kutoka tangini, funika, subiri saa 2. Ondoa chenga, suuza karatasi. Madoa ya kutu yaliyobaki kwenye karatasi yanakuambia kama tangi hili bado linalinda.

Vipande vikishatoka, visilale kwenye chenga zake. Chenga zilizolowa hushika maji mgongoni mwa kipande usiku kucha.

Hatua ya 4: Kuosha, tindikali na kusuuza

Hapa ndipo penye hasara kubwa na ndipo nitakapokaa kidogo.

Anza kwa kuondoa mafuta. Tindikali haili mafuta: penye grisi kutu itabaki, pasipo na grisi chuma kitaliwa kupita kiasi. Baada ya kuosha kwa sabuni ya alikali, mwaga maji safi juu ya uso. Maji yakitandaa utando mmoja, pako safi. Yakijikusanya matone na kukimbiana, rudia.

Asidi hidrokloriki hufanya kazi bila kupashwa moto, asidi ya salfa kwa kawaida huhitaji nyuzi 60 hadi 80 za selisiasi. Zote mbili zinataka dawa ya kizuizi inayopunguza kuliwa kwa chuma chenyewe huku magamba yakiendelea kutoka. Usichovye kwa mazoea ya muda uliorithiwa. Bafu jipya hufanya haraka na bafu lililojaa chuma hufanya polepole, kwa hiyo pima nguvu ya asidi na kiasi cha chuma kilichoyeyuka, kisha upange muda. Kipande kilichozidishwa hutoka kikiwa kinakwaruza, chenye masizi meusi, na uso kama huo utashika kutu upesi kuliko kabla ya kusafishwa. Na siku zote mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi, ukiwa umevaa miwani, glovu na aproni, mahali penye hewa inayovutwa nje.

Chuma chenye nguvu kubwa kina hatari isiyoonekana. Asidi na upakaji wa metali kwa umeme huzalisha hidrojeni, na sehemu yake huingia ndani ya chuma. Bolti au springi yenye nguvu inayozidi takriban megapaskali 1,000 inaweza kupita ukaguzi wote, ikafungwa, kisha ikakatika yenyewe siku chache baadaye bila kupinda. Vipande vya aina hii visafishwe kwa kurushiwa punje ngumu kwa kasi badala ya tindikali kila inapowezekana. Vikipakwa zinki kwa umeme, viingizwe kwenye tanuri ndani ya saa 4, kwenye nyuzi 190 hadi 220, kwa muda ambao mara nyingi ni saa 8 hadi 24 kulingana na nguvu ya chuma, bila kuvuka joto ambalo chuma chenyewe kilitemperiwa, yaani kilipopashwa moto tena baada ya kugumishwa. Hizo saa 4 ni pengo la kusubiri kama mapengo mengine, ila hili halitoi kutu ya kukuonya.

Sasa kusuuza. Chuma kilichotoka kwenye asidi ni kitupu kabisa, na kikikauka polepole hugeuka rangi ya chungwa mbele ya macho yako. Suuza mara mbili, maji safi yakiingia kwenye tangi la mwisho na kufurikia la kwanza. Pima uwezo wa maji ya mwisho kupitisha umeme; ukipanda, chumvi imerundikana. Suuzo la mwisho likiwa la moto, nyuzi 70 hadi 80, kipande hubeba joto la kutosha kujikausha chenyewe haraka. Hewa ya kupuliza imalizie mashimo na nyuzi za bolti. Kinga ya muda, fosfati au praima (rangi ya kwanza) ifuate papo hapo. Kama karakana haina uwezo wa kupaka leo, basi usisafishe leo. Kipande chenye mafuta yake kinalala salama kuliko kilicho kitupu.

Hatua ya 5: Viungo, uchomeleaji na metali zinazokutana

Mwaka 1761 Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilifunika sehemu ya chini ya meli HMS Alarm kwa mabamba ya shaba yaliyopigiliwa misumari ya chuma. Ilipokaguliwa baada ya safari zake, misumari mingi ilikuwa imeliwa na mabamba yameachia, ila pale ambapo karatasi nene ilibaki kati ya shaba na msumari, msumari ulikuwa katika hali nzuri. Fundisho hilo bado linavunjwa kila siku. Metali mbili zikigusana penye unyevu, ile dhaifu huliwa, na huliwa haraka zaidi ikiwa ndogo mbele ya kubwa. Ribiti ya alumini kwenye bamba la stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ni kosa kubwa. Bolti ya stenlesi kwenye bamba pana la alumini inavumilika, nayo iwekewe washa ya nailoni na kizibo.

Kwenye kuchomelea, mshono wa vipandevipande huacha ufa ambao rangi haifiki na maji yanafika. Nje, choma mfululizo. Ondoa slagi na matone yaliyoruka, osha mabaki ya flaksi kwa sababu hunyonya maji, na toboa tundu la kutolea maji kwenye kila kona inayoweza kuyakusanya.

Hatua ya 6: Stenlesi inahitaji eneo lake

Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi wengi tunakiita stenlesi, kinaishi kwa utando wa oksidi ya kromi wenye unene wa nanomita chache tu. Utando huo unahitaji angalau asilimia 10.5 ya kromi ndani ya chuma chenyewe, na mambo mengi yanayofanyika karakana huuharibu.

La kwanza ni chuma cha kawaida kuingia juu yake. Diski ya kusagia iliyotumika kwenye chuma cheusi, brashi ya waya wa kawaida, minyororo ya kunyanyulia, hata meza yenye chenga, vyote huchomeka chembe za chuma kwenye stenlesi, nazo hushika kutu ndani ya siku chache. Mteja atasema umemuuzia bandia. Tenga chumba au pazia, tenga diski na brashi kwa rangi maalumu, funika uma za foklifti kwa mbao au plastiki. Kuhakikisha, lowesha uso kwa maji yaliyotoneshwa, acha ukauke, rudia kwa siku nzima, kisha tafuta vidoti vya kahawia. Mmumunyo wa salfati ya shaba wenye asidi kidogo hujibu kwa dakika chache: penye chuma huru hugeuka rangi ya shaba. Usiutumie kwenye vyombo vitakavyogusa chakula.

La pili ni joto la kuchomelea. Zile rangi za majani makavu, buluu na nyeusi pembeni mwa mshono zinapendeza, lakini chini yake kromi imepungua. Ziondoe kwa pasta ya tindikali au kwa kusugua na kisha kupasiveti, yaani kuusaidia utando wa oksidi ujijenge upya, kwa asidi ya nitriki au ya sitriki. Pasta nyingi zina asidi hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi hadi mfupani na huenda usihisi uchungu mapema. Jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kuungua kwa asidi hiyo, iwe kwenye kabati la huduma ya kwanza kabla kopo halijafunguliwa.

La tatu ni kukaa muda mrefu kati ya nyuzi 425 na 815 hivi, ambako kaboni hujiunga na kromi kwenye mipaka ya punje za chuma na kuiacha mipaka hiyo bila ulinzi. Kwa kazi za kuchomelea agiza daraja la 304L au 316L, lenye kaboni isiyozidi asilimia 0.03, na weka kikomo cha joto kati ya mshono na mshono.

Hatua ya 7: Kuandaa uso na kupaka

Kiwango cha kimataifa cha usafi wa uso wa chuma, ISO 8501-1, kina picha za kulinganishia. Kwa mifumo mingi ya rangi inayodumu lengo ni Sa 2½, daraja la uso uliorushiwa punje kwa makini sana. Lakini picha haioni chumvi. Chuma kilichokaa nje hadi kupata vishimo kina kloridi chini ya kutu, na kurusha punje peke yake huipigilia ndani. Osha kwa maji safi yenye shinikizo kwanza, kausha, ndipo urushe. Kisha pima: bandika kifuko kidogo chenye gundi juu ya uso, ingiza maji safi kwa sindano, yavute, pima upitishaji wake wa umeme. Kwa matangi ya maji ambayo meli hubeba ili itulie baharini, Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, limeweka kikomo cha miligramu 50 za chumvi kwa mita ya mraba, nacho ni kipimo kizuri cha kujilinganisha.

Kompresa nayo ikaguliwe kila zamu. Elekeza hewa kwenye kitambaa cheupe kwa dakika moja. Kikipata doa la mafuta au maji, simamisha kazi. Kingo kali zipigwe msasa hadi ziviringike, takriban nusu kipenyo cha milimita 2, kwa sababu rangi ikikauka hujivuta na kuacha ncha ikiwa uchi. Kingo, mishono na vichwa vya bolti vipakwe kwa brashi kabla ya kupuliza.

Halafu umande. Joto la uso wa chuma liwe juu ya kiwango cha umande kwa angalau nyuzi 3, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85 isipokuwa mtengenezaji wa rangi ameruhusu. Chukua mfano: hewa ina nyuzi 30 na unyevu asilimia 80. Umande unaanza kwenye nyuzi 26 hivi. Bamba lazima liwe na nyuzi 29 au zaidi. Bamba nene lililolala usiku likabaki na nyuzi 27 litaonekana kavu kabisa, nawe utapaka rangi juu ya ukingo wa maji. Pima chuma chenyewe, usipime hewa peke yake.

Kati ya kurusha punje na praima, wengi hujiwekea saa 4. Penye unyevu mwingi hata hizo ni nyingi. Uso ukibadilika rangi, rusha tena, saa iseme itakavyosema.

Kuhusu kipimo cha ukungu wa chumvi, ambapo kipande hukaa ndani ya sanduku kikinyunyiziwa maji yenye chumvi asilimia 5 kwenye nyuzi 35: kitumie kugundua kundi la rangi au la zinki lililotofautiana na lililotangulia. Usikitumie kumwahidi mteja miaka. Sanduku lile halina jua, halikauki, na halifanani na mahali popote ambapo bidhaa yako itaishi.

Hatua ya 8: Kupima kwa maji, kufunga na kusafirisha

Mabomba na matangi ya stenlesi yapimwe kwa maji yenye kloridi ndogo, wengi hutumia kikomo cha chini ya sehemu 50 kwa milioni, na yamwagwe na kukaushwa siku ileile. Maji yakisimama wiki kadhaa kwenye sehemu ya chini ya bomba, bakteria hujenga vichuguu vyao na chini yake vishimo hutoboa ukuta mzima.

Kabla ya kufunga, vaa glovu safi, futa, pima joto la kipande. Kikifungwa kikiwa moto, hewa ya ndani itapoa na kutoa maji. Karatasi au mfuko wenye mvuke wa kuzuia kutu hufanya kazi ukiwa karibu na uso na umefungwa vizuri. Mfuko ulioachwa wazi ni plastiki ya kawaida tu. Usichanganye na pakiti za kunyonya unyevu zilizogusana na chuma. Mbao ziwe kavu, na kati ya mbao na chuma kiwepo kizuizi.

Bandika juu ya kasha maagizo kwa anayepokea: liache kasha ndani ya jengo bila kulifungua mpaka lilingane joto na chumba, na ukilifungua nusu, ufunge tena mfuko kabla ya kuondoka.